Mzee Busu na Farasi wa Harusi ya Praful

Kuna majina ya utani mtu anaweza kuingia nayo hata kanisani. Tembo, sawa. Dereva, hata kama hujawahi kushika usukani, sawa. Lakini ebu jaribu kuwa Msabato wa kukaa kiti cha mbele pale Nyansiongo, umevaa tai, umeshika Biblia, halafu tarafa nzima ya Borabu inakuita Busu.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Zachariah. La nyumbani lilikuwa Obwocha. Yote mawili yalilala kwenye kipande chake cha kitambulisho, hakuna aliyeyasumbua.

Jina la Busu lilianza 1962, kwenye shamba la mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kikohozi. Mzungu mwenyewe alikohoa mita hamsini kabla hajafika, na watu walishukuru sana hiyo huduma, kwa sababu iliwapa muda wa kuokota jembe. Obwocha alikuwa saisi wake, yaani mtu wa farasi: kuwalisha, kuwapiga brashi, kuokota kinyesi, na kufundisha watoto wao wakubali kamba na binadamu.

Saisi aliyemtangulia alikuwa na njia yake. Alifunga mtoto wa farasi kwenye nguzo, akamchapa siku tatu, na siku ya nne mtoto akawa ameelewa dunia. Obwocha hakufanya hivyo. Aliingia uani asubuhi, akageuza debe, akaketi. Basi. Hakuita, hakufukuza, hakupiga mluzi. Alikaa tu kama mzigo uliosahauliwa stendi. Saa tano hivi mtoto wa farasi alichoka kumwogopa, akaja kunusa kofia. Obwocha akatulia. Mtoto akanusa uso, pua kwa pua, akapumua, na Obwocha naye akapumua polepole ndani ya pua yake, kwa sababu alikuwa ameona farasi wenyewe wakisalimiana hivyo.

Hapo ndipo Bosibori alipopita. Bosibori alikuwa jirani ya Obwocha kwenye kambi ya wafanyakazi, anatoka kuchuma pareto na wenzake, kikapu mgongoni. Kila mtaa uko na mmoja kama yeye, hata wenu.

"Wueh! Wanawake, wekeni vikapu chini! Obwocha anabusu farasi!"

"Wapi?"

"Mdomoni!"

Haikuwa mdomoni, ilikuwa puani. Lakini nenda ukaelezee hiyo tofauti wanawake watano ambao hawajapata kitu cha kucheka tangu Jumatatu.

"Shemeji," Bosibori akaegemea ua, "huyo umempelekea kwao ng'ombe wangapi?"

"Anapumua tu," Obwocha akasema bila kugeuka. "Na mimi napumua."

"Eeh, hivyo ndivyo huanzaga!"

Kambi ile ilikuwa na Wakisii, Wakipsigis, Waluhya, Wajaluo, kila mtu na lugha yake, kwa hivyo utani ulipigwa kwa Kiswahili ndio kila mtu apate wake. Kufikia jioni, Busu lilikuwa limefika hadi kwa watu wa maziwa.

Sasa, utani mwingi hufa baada ya wiki. Huu haukufa, na sababu ilikuwa hii. Zamani Obwocha alikuwa na jina zuri tu. Aliitwa Baba Nyamoita, kama vile kila mtu mwenye mtoto huitwa. Nyamoita alikuwa msichana wao wa kwanza na wa pekee, miaka minne, mwenye kuuliza maswali mpaka mtu anajificha. Mwaka 1960 surua ilipita kambini, na ilipopita, Nyamoita hakuwepo tena. Baada ya hapo watu walikutana na Obwocha njiani, wakafungua mdomo kusema Baba Nyamoita, wakakwama. Wengine walikohoa. Wengine walisema "wewe." Miaka miwili mtu mzima alitembea bila jina. Kwa hivyo Bosibori alipotupa Busu, watu waliliokota haraka. Lilikuwa la aibu, lakini lilitamkika.

Na Obwocha hakujali. Watu walidhani ni moyo mkubwa. Hapana, alikuwa amekufa ganzi. Unajua ukilalia mkono usiku, unaamka unaushika ni kama wa mtu mwingine? Yeye alikuwa hivyo mwili mzima, na mkono haukuamka. Alikula ugali akajua ni ugali. Mvua ilimnyeshea akajua ni mvua. Hata huo upole wake kwa farasi, ambao Bwana Kikohozi aliusifu kwa wageni wake, haukuwa upole hasa. Hakuwa na hasira ya kuchapa mtu wala mnyama. Farasi ni mnyama wa wasiwasi, anasikia moyo wako ukipiga kabla hujafika. Kwa Obwocha alisikia kimya. Alipenda kimya hicho.

Mkewe, Persis, alikuwa na kimya cha aina yake. Mwanamke aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza kwaya, sasa aliweka sufuria chini kama anaweka yai.

Huyo mtoto wa farasi wa siku ya busu alikuwa jike, amezaliwa 1961, rangi ya makaa. Obwocha hakumpa jina. Alimfundisha kidogo kidogo, kila siku kipande. Wiki nzima ya gunia: kumpapasa nalo shingoni, mgongoni, tumboni, hadi gunia likawa si habari. Kisha kamba ya kichwani. Kisha kuinua mguu, sekunde mbili, kuurudisha chini kabla hajauomba mwenyewe. Alimwambia maneno matatu tu, yote ya Kikisii: *inchwo*, njoo, *tenena*, simama, na *buya*, vizuri. Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akimwambia Nyamoita akijifunza kutembea. Obwocha hakuyachagua kwa sababu hiyo. Ndiyo yaliyokuwa yamebaki mdomoni.

Na kila asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, pua kwa pua. Okemwa, kijana mwembamba wa kambini aliyekuwa wa kwanza kulalia mgongo wa yule jike kama gunia la mahindi, naye aliambiwa, "Kwanza msalimie."

"Nimsalimie farasi?"

"Kwani utapanda mgongo wa mtu hujamsalimia?"

Okemwa akasalimia. Akapanda. Hakuanguka. Akaita jina la Bwana hata hivyo.

Mwaka 1965 Bwana Kikohozi aliuza shamba, likakatwa viploti vya skimu ya kugawia watu ardhi. Asubuhi ya mwisho alipeleka farasi wakubwa watatu nyuma ya josho, mmoja mmoja, na bunduki. Obwocha ndiye aliyeshika kamba. Walimfuata vizuri, hawakuvuta. Alipomaliza alikunja zile kamba, akazitundika mahali pake. Jioni alikunywa uji. Persis alimwangalia akinywa.

Yule jike hakupigwa. Mzungu alimtazama, akakohoa, akasema kwa kile Kiswahili chake, "Hii yako. Kama wewe hapana weza, piga." Akapanda gari.

Obwocha alipata kiploti, ekari zake, nyumba ya mabati. Na farasi. Afisa wa skimu alikuja na kaptula ya kaki na kalamu mbili mfukoni, akasimama mbele ya yule jike kama amekutana na ngamia.

"Hii inatoa maziwa?"

"Hapana."

"Inalima?"

"Bado."

"Inaliwa?"

"Sisi ni Wasabato."

"Mzee, hii nyasi ni ya ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi. Wanakuja mwezi wa tano. Mnyama huyu anakula ya ng'ombe wawili. Mwisho wa Aprili nikimkuta hapa, naleta askari na bunduki. Si ubaya. Ni mpango."

Obwocha akasema sawa. Sawa ndilo neno alilotumia siku hizo kwa kila kitu.

Usiku huo Persis alisema, "Huyo hatapigwa." Akarudi kunyamaza. Obwocha alishangaa kidogo, kwa sababu ilikuwa sentensi ndefu.

Na ni Persis aliyeleta habari. Alikuwa ameenda Kisii mjini kununua kitambaa dukani kwa Mhindi mmoja, Manubhai, akasikia Manubhai akilalamika kwa mkewe Tara kwamba mpwa wake Praful anaoa, na kwa mila yao bwana harusi lazima afike kwa bibi harusi juu ya farasi jike, na Kisii nzima hakuna farasi, na Kisumu wanaleta bendi tu. Persis, mtu aliyekuwa haongei, akasema, "Sisi tuko naye."

Wiki hiyo hiyo Manubhai alifika Nyansiongo na gari lake la unga, viatu vyeupe kwenye matope.

"Obwocha, farasi iko wapi?"

Obwocha akamwonyesha. Rangi ya makaa ilikuwa imeanza kufifia, sasa alikuwa kijivu kama majivu ya juzi.

"Mimi nataka nyeupe!"

"Atakuwa mweupe. Farasi wa aina hii huzeeka hivyo."

"Lini?"

"Miaka tisa, kumi."

"Bwana, harusi iko wiki tatu!" Manubhai akashika kichwa. Akamzunguka yule jike mara mbili, naye akamnusa sikio. "Lakini iko pole. Sikia. Kutakuwa na bendi. Ngoma, tarumbeta, fataki: pa! pa! pa! Kama yeye hapana tupa Praful chini mbele ya wakwe, mimi nachukua. Anakaa Nyakoe nyuma ya kinu changu, nyasi iko, maji iko. Kama yeye natupa Praful..." Akaangalia mbali. "Basi mimi hapana jua wewe."

Kwa hivyo hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtoto wa nasari: harusi ikienda vizuri, farasi anaishi. Ikienda vibaya, kuna askari na bunduki.

Wiki tatu hizo majirani wote wa skimu walijua hawatapumzika. Obwocha alimsimamisha jike katikati ya kiploti akila nyasi. Persis akasimama mbali kabisa, kwenye mpaka, na debe na mwiko. Akapiga mara moja. Ting. Jike akainua kichwa. Obwocha akasema *buya*. Jike akarudi kwa nyasi. Kesho yake Persis alisogea hatua kumi. Kesho kutwa kumi nyingine. Hakuna aliyemkimbiza farasi, hakuna aliyemshika kwa nguvu, na akitetemeka kidogo tu Persis alirudi nyuma alikotoka.

Wiki ya pili Bosibori, ambaye naye alikuwa amepata kiploti hapo hapo, akaja na sufuria yake, bila kualikwa kama kawaida.

"Shemeji Busu, sasa umetufanya bendi?"

"Piga polepole."

"Mimi sijui polepole. Persis, nipe wimbo!"

Persis hakutoa wimbo. Lakini mkono wake ulianza kupiga debe kwa mwendo fulani, ule wa kutembeza watoto, na Bosibori akaingia, na Okemwa akapiga karai, na kufikia Ijumaa kulikuwa na watu tisa wamemzunguka farasi wakipiga vyombo vya jikoni mpaka kuku wa mtaa wakahama. Jike alikula nyasi. Sikio moja lilizunguka kama anasikiliza redio. Fataki zilikosekana, wakapasua mifuko ya karatasi.

Obwocha alimwona mkewe anapiga debe, kitambaa kimeteleza kichwani, jasho usoni. Akajua ni jambo. Akaligusa ndani kuona kama linauma au linapendeza. Hakuna kitu. Akasema *buya* kwa farasi.

Walitoka Alhamisi alfajiri kwa miguu, Obwocha mbele na kamba, jike nyuma, Persis na debe lake kichwani ndani yake nguo ya kanisa. Keroka walilala kwa binamu. Ijumaa jioni wakafika mjini, Sabato wakapumzika, Jumapili asubuhi Tara akamvika jike kitambaa chekundu chenye vioo vidogo na maua ya manjano shingoni. Kisii yote ilikuwa barabarani. Sokoni hakuna aliyebaki na nyanya zake.

Bendi ya Kisumu ikalipuka. Jike akasimama. Ngoma ikaja hadi ubavuni. Akasimama. Fataki zikapasuka, askari mmoja akaruka mtaro, jike akapepesa macho. Manubhai alikuwa anatabasamu hadi masikioni.

Halafu Praful akatoka. Kijana wa miaka ishirini na nne, amesomea Nairobi, kilemba chekundu, na kutoka kwenye kilemba nyuzi za maua zimening'inia hadi kifuani, uso wote umefunikwa. Akakanyaga kigoda apande.

Jike akarudi nyuma.

Wakamsogeza. Praful akainua mguu. Jike akarudi tena, kigoda kikaanguka, na bwana harusi naye nusura. Watu wakasema "Aaah!" kwa sauti moja. Mara ya tatu jike aliinua kichwa juu na weupe wa macho ukaonekana. Hatua chache mbele, kwenye dirisha la ghorofani kwa wakwe, Nayna bibi harusi alikuwa anachungulia na binamu zake, amefunika mdomo.

"Obwocha!" Manubhai alikuwa ameacha kutabasamu. "Wewe nasema iko pole!"

Obwocha alisimama na kamba mkononi. Alijua kosa, na kosa lilikuwa lake. Alikuwa amemzoesha gunia, debe, karatasi, dunia yote. Lakini katika miaka minne hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumpanda bila kumsalimia. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo. Na sasa anamletea mtu asiye na uso.

"Lazima..." akasema kwa sauti ndogo, "lazima amsalimie kwanza."

"Mimi nasema namaste?" Praful akauliza ndani ya maua.

"Hapana. Kwa pua."

"Kwa nini?"

"Pua. Yako na yake."

Praful akageuka kuwaangalia wakwe. Wakwe wakaangalia bendi. Bendi ikaangalia viatu. Manubhai akaanza kusema kitu cha Kigujarati ambacho hakikuhitaji mkalimani. Na Obwocha, ambaye hakuwahi kuongea mbele ya watu, akaanza kukunja kamba mkononi, taratibu, mzunguko mmoja juu ya mwingine, kama alivyozikunja zile tatu siku ya josho.

Ndipo sauti ikatoka kwenye umati, sauti ya kwanza ya kwaya, kali, imekaa miaka mitano bila kutumika.

"Baba Nyamoita! Mwonyeshe!"

Mikono ikaacha kukunja. Obwocha akavua kofia. Mbele ya Kisii yote, mbele ya polisi na watu wa ofisi na mchungaji aliyekuwa amepanda juu ya boksi aone vizuri, akasimama mbele ya yule jike, akaweka pua kwenye pua, akapumua. Jike akashusha kichwa. Akatoa pumzi ndefu hadi vioo vya kitambaa vikatetemeka.

Mtu akaanza, hajulikani nani, ingawa Bosibori alikuwa amepanda basi la kuja mjini asubuhi hiyo. "Bu-su! Bu-su!" Soko lote likaingia. Praful akaangalia juu dirishani, akaona Nayna amekufa kwa kicheko, akasema, "Haya." Akafungua maua kama pazia, akainama, akasalimia.

*Inchwo*, Obwocha akasema. Jike akatembea na bwana harusi mgongoni hadi mlangoni kwa wakwe, katikati ya tarumbeta na fataki, kama anaenda kunywa maji.

Jioni Manubhai alipokea kamba mwenyewe, akatimiza neno lake. Obwocha alimpeleka jike hadi Nyakoe, akamwonyesha mtu wa kinu jinsi ya kuketi kwenye debe, akaondoka bila kugeuka.

Safari ya kurudi walitembea bila farasi. Mkono wake wa kulia uliendelea kukaa nyuma, kama umeshika kitu. Baada ya Keroka akauliza, "Kule mjini, uliniita nini?"

"Jina lako," Persis akasema.

Akangoja kitu kije moyoni. Walitembea hadi Nyansiongo, hakikuja. Harufu ya yale maua ya manjano ilikaa kwenye vidole vyake siku mbili, akajua ni maua.

Mwisho wa Aprili afisa wa skimu alifika na askari, akakuta nyasi tu. Ng'ombe wa gredi wakaja. 1967 akazaliwa Kemuma, msichana wao wa pili, mwenye maswali pia. Kila kiangazi Obwocha alishuka Nyakoe, anaketi nyuma ya kinu asubuhi nzima, jike anakuja, pua kwa pua, anarudi nyumbani. Alipoulizwa alikuwa anafanya nini huko alisema, "Nakaa."

Mwaka 1974 alimkuta jike amekuwa mweupe kabisa, hata kope. Manubhai alikuwa amesimama hapo mikono kiunoni.

"Obwocha, sasa iko nyeupe! Sasa! Praful iko watoto tatu!"

Obwocha alirudi hadi nyumbani, akaingia shambani kusaidia kuchuma chai. Mstari wa tatu hivi akasimama. Akaweka kikapu chini. Mabega yalianza kutikisika, na Persis, mistari miwili kando, hakujua ni kilio au kicheko hadi alipofika karibu, na hata hapo hakuwa na uhakika.

"Mama Nyamoita," akasema, "ile siku ya harusi. Nilikuwa nimefurahi."

"Miaka tisa!" Persis akasema. "Chuma chai, umechelewa."

Lakini naye aliweka kikapu chini, wakakaa hapo kwenye mstari wa tatu hadi gari la chai lilipopiga honi.

Haya, zamu yenu. Najua kwenu kuna mzee au shosho aliyebeba jina la aibu hadi kaburini, na najua kuna Bosibori fulani aliyeanzisha. Na kama nyanya yako alikuwa sokoni Kisii siku ile, akaacha nyanya zake zikaibwa, huyo tunamtafuta hasa. Muulize leo kabla hajalala, kisha utuandikie hapa chini: lilikuwa jina gani, na kabla ya hilo aliitwa nani.